Mtoto Akisema Anataka Kusoma Uhusiano wa Kimataifa

Hotuba iliyosomwa ukumbini katika sherehe yetu ya miaka 63 ya Uhuru, Desemba 2024

    

Kila mwaka Kamati inapotukumbuka sisi wauguzi, hutukumbuka kwa jambo moja tu: presha na sukari. Tunasimama hapa kabla ya chakula, tunawaambia mpunguze chumvi na soda, mnatupigia makofi, halafu tunakutana wote kwenye foleni ya pilau na soda. Mwaka huu tumemwomba Mwenyekiti atupe ruhusa tuzungumze jambo lingine, akakubali. Presha tutaipima pale mlangoni baada ya sherehe, bure.

Jambo lenyewe limetoka jikoni kwetu. Miaka mitatu iliyopita binti yetu alikuwa anajaza fomu ya kuomba chuo. Tukamuuliza, kwa sauti ile ya mzazi ambaye jibu analo tayari, anaomba masomo gani. Akasema, "Uhusiano wa Kimataifa na Sera za Umma." Tukacheka. Baba yake akauliza, "Uhusiano wa kimataifa? Si huu tunaofanya kila siku kwa WhatsApp na Tanga?" Sisi wengine tukaongeza la kwetu: "Mwanangu, hiyo ni kazi gani? Utakuwa balozi wa nani?" Hakujibu. Alifunga kompyuta akapanda chumbani kwake, na siku tatu nyumba ikawa na salamu tu.

Tunalisema hili hadharani kwa sababu tunajua halikutokea kwetu peke yetu. Katika nyumba zetu masomo yanayokubalika yanahesabika kwa vidole: udaktari, uuguzi, ufamasia, uhandisi, uhasibu na sheria. Kompyuta nayo siku hizi imepewa kiti. Nje ya hapo mtoto anaonekana anachezea bahati.

Na tusijilaumu bure, hofu hiyo ina asili yake. Sisi tulikuja hapa na vyeti ambavyo havikutambulika. Tuliokuwa manesi wenye cheti kule nyumbani tulianza kwa kuwaogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, zamu za usiku, huku tukisoma mchana ili tupate shahada ya uuguzi ya hapa. Wengine walibeba boksi miaka na miaka. Tulijifunza kwamba kazi yenye jina linaloeleweka ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, ada ya wadogo zetu na dawa za mama. Mtu aliyepita njia hiyo akisikia mwanawe anataka kusoma kitu kisicho na sare wala namba ya usajili, lazima moyo umwende mbio.

Lakini hofu yenye asili inaweza bado kutupeleka pabaya. Ndiyo maana tumeandika hotuba hii.

Haya masomo ni nini hasa?

Tuanze na Uhusiano wa Kimataifa. Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imemalizika na mamilioni ya watu wamekufa, Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales kilianzisha idara ya kwanza duniani ya somo hili, kwa fedha zilizotolewa na familia ya David Davies. Swali lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: kwa nini mataifa hupigana, na yafanye nini ili yasipigane? Tangu hapo somo limepanuka. Leo mwanafunzi anajifunza mikataba, biashara kati ya nchi, wakimbizi, madeni, misaada, mazingira, na jinsi Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika unavyofanya kazi au unavyoshindwa kufanya kazi.

Sera za Umma ni jirani yake. Somo hili linauliza serikali inaamuaje: fedha zitoke wapi, ziende wapi, nani anufaike, nani alipe, na tutajuaje kama uamuzi ulifaa. Humo mna uchumi, sheria, historia na takwimu nyingi kuliko tulivyodhani. Hapa Uingereza shahada ya kwanza ni miaka mitatu, Scotland minne, na mwisho mwanafunzi huandika utafiti wake mwenyewe.

Sisi wauguzi tulilielewa tulipolifananisha na wodi. Mgonjwa akija na kidonda mguuni, kazi yetu ni kukisafisha na kukifunga. Akirudi na kidonda kilekile mara ya nne, muuguzi mzuri anaanza kuuliza: huyu anaishi wapi, anakula nini, dawa ya sukari anaipata au inamwishia katikati ya mwezi? Na kama wagonjwa arobaini kutoka mtaa mmoja wana kidonda hicho, swali limetoka mikononi mwetu. Mtu fulani, kwenye ofisi fulani, aliamua zahanati ya mtaa ule ifungwe. Sera za Umma ni kwenda kukaa kwenye ofisi ile.

Tutoe mfano tunaoujua wote mifukoni. Mwezi Aprili 2015 Uingereza ilianza kuwatoza wageni wenye viza ada ya huduma ya afya, pauni 200 kwa kila mtu kwa kila mwaka wa viza, na zinalipwa zote kwa pamoja kabla viza haijatoka. Januari 2019 ikapanda kuwa pauni 400. Pigeni hesabu: familia ya watu wanne, viza ya miaka mitatu, pauni 4,800, ukiacha ada ya viza yenyewe. Na mlipaji alikuwa ni yuleyule muuguzi anayefanya kazi kwenye hospitali hizohizo, anayekatwa kodi kwenye mshahara wake kila mwezi. Alikuwa akilipia huduma mara mbili, na kuitoa yeye mwenyewe.

Tulilalamika wapi? Kwenye vyumba vya chai. Tulinung'unika kwenye simu na kwenye misiba. Lakini kuna watu waliokaa wakaandika hesabu, wakapeleka hoja kwa wabunge, na chama cha wauguzi kikaibeba kampeni mwaka baada ya mwaka. Mei 2020, katikati ya korona, serikali ilikubali kuwaondolea ada hiyo wafanyakazi wa afya na wa malezi wanaotoka nje. Ukweli ni kwamba korona ilisaidia kuwafumbua watu macho. Lakini hoja ilikuwa tayari imeandikwa, ipo mezani, inasubiri siku yake. Bila walioiandika, makofi yale ya Alhamisi jioni yangebaki makofi. Na wasio kwenye kazi hizo bado wanalipa: tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka. Kwa hiyo kazi haijaisha.

Sasa mfano mgumu zaidi, maana unatugusa sisi tulio mbele yenu. Mwezi Mei 2010, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za maadili kuhusu kuajiri wafanyakazi wa afya kutoka nchi nyingine. Nchi tajiri zilitakiwa zisiende kuvuna wauguzi na madaktari kwenye nchi ambazo zenyewe zina upungufu mkubwa. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi hizo. Orodha ya 2023 ina nchi 55, na Tanzania yetu imo. Uingereza imeifuata: wakala haruhusiwi kwenda kuwatafuta wauguzi katika nchi zilizomo, ingawa muuguzi mmojammoja akiomba mwenyewe moja kwa moja hakatazwi.

Je, kanuni hiyo ni nzuri au mbaya? Ukimuuliza mgonjwa wa hospitali ya wilaya, ambako muuguzi mmoja analinda wodi nzima usiku, atakwambia ni nzuri. Ukimuuliza binti aliyemaliza chuo cha uuguzi na anakaa nyumbani bila ajira, atakwambia imemfungia mlango. Na huyo binti na huyo mgonjwa wanaweza kuwa wanaishi kijiji kimoja. Wauguzi hawatoshi wodini, na wauguzi wengine hawana kazi. Inakuwaje? Hapo sindano haisaidii kitu. Hapo unahitaji mtu anayesoma bajeti. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za serikali kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hazijafika huko. Nani anafuatilia ahadi hiyo? Nani anakaa na nchi tajiri na kuziambia, "Mnamchukua muuguzi tuliyemsomesha sisi, mtatusaidiaje kumsomesha mwingine?" Mtu huyo lazima asome mahali. Hazaliwi anajua.

Ndugu zetu, leo ni sikukuu ya Uhuru. Tuwakumbushe watoto kitu ambacho pengine tumesahau kuwaeleza. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Waingereza. Kwa hiyo madai ya uhuru wetu yalikuwa na pa kupelekwa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, na nauli yake ilitokana na michango ya wanachama wa TANU. Tafakarini hilo. Watu ambao wengi wao hawakuwahi kupanda ndege walichanga senti zao ili mtu mmoja aende akaseme, kwa lugha ambayo wakubwa wa dunia wangeielewa, kwamba nchi hii ina wenyewe. Mwalimu huyo alikuwa ametoka kusoma Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952. Angekwenda kusomea kitu kingine chochote tungemheshimu, lakini alijaza kichwa chake historia, uchumi na falsafa, na vikatufaa.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Siku tano baadaye, tarehe 14, Tanganyika ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Kumbe hata kabla hatujamaliza kusherehekea, kulikuwa na kazi ya kimataifa inayosubiri watu wa kuifanya, na watu hao walikuwa wachache mno.

Ndiyo maana Dakta Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar, alipelekwa kuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Vijana mlioko hapa, wengine wenu mna miaka 22 na bado mnaombwa na mama zenu mtoe takataka nje. Baadaye alisoma uhusiano wa kimataifa Chuo Kikuu cha Columbia, akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, kisha Katibu Mkuu wa OAU tangu 1989 hadi 2001. Rais Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, kisha uhusiano wa kimataifa hukohuko Columbia. Mama Gertrude Mongella, aliyekuwa mwalimu, aliongoza maandalizi ya Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Dakta Asha-Rose Migiro, mwanasheria, alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, kisha wengi wetu tukampokea hapahapa akiwa Balozi wetu. Na pale Kurasini, Dar es Salaam, Tanzania na Msumbiji walianzisha Chuo cha Diplomasia mwaka 1978, wakati Msumbiji ina miaka mitatu tu ya uhuru wake. Wazee wetu hawakuliona somo hili kuwa la anasa. Walilijengea chuo wakati wenyewe hawana kitu.

Sasa turudi jikoni, maana hatujawaeleza lililotunyamazisha sisi.

Binti yetu alipata nafasi chuoni, mwaka 2022. Alama zilitosha. Alichokosa ni mkopo wa masomo. Barua ilisema hatimizi masharti, kwa sababu hakuwa na makazi ya kudumu. Chuo nacho kikasema basi atalipa ada ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo hatukuweza hata kuitamka. Mtoto huyu alikuja hapa akiwa na miaka kumi. Lafudhi yake ni ya hapa. Aliimba kwaya ya shule, alikimbia mbio za wilaya. Siku ile akaambiwa ni mgeni.

Na kosa lilikuwa letu. Tulipoanza kuomba makazi ya kudumu, ada ya mtu mmoja ilizidi pauni elfu mbili. Tukaanza na za muuguzi, kwa kuwa ndiye mwenye mkataba wa kazi. Za baba na za mtoto tukaziahirisha: mwaka huu paa la nyumba ya bibi, mwaka unaofuata msiba, mwaka mwingine ada ya binamu. Mtoto hawezi kupata makazi ya kudumu kama mzazi wake mmoja bado, nasi hatukuwa tumelisoma hilo. Tulijua kipimo cha kila dawa kwenye toroli la wodi, lakini hatukujua sheria iliyomshika mtoto wetu mwenyewe.

Aliyeisoma ni yeye. Wiki ile aliketi pale mezani na kanuni za mikopo, kurasa kwa kurasa, akatufafanulia kama mwalimu wa zamu. Akatuambia kwamba kulikuwa na msichana aliyeletwa hapa kutoka Zambia akiwa mdogo, akanyimwa mkopo kama yeye, akaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 akashinda. Baada ya hapo serikali ikaweka njia mpya: mwenye miaka chini ya 18 awe ameishi hapa miaka saba, na mwenye 18 au zaidi awe ameishi hapa nusu ya umri wake au miaka 20. Binti yetu alikuwa na miaka 18, na hapa ameishi minane. Nusu ya kumi na minane ni tisa. Amepungukiwa mwaka mmoja.

Kisha akasema maneno ambayo tumeyabeba mpaka leo: "Mama, mnasema haya masomo hayana kazi. Hii karatasi iliyonizuia imeandikwa na mtu aliyesoma haya masomo. Na iliyomsaidia yule msichana pia."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikopa kwa ndugu, tukakamilisha maombi ya baba na ya mtoto. Yeye akaahirisha chuo mwaka mzima, akafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu zilezile tulizoanzia sisi. Tulikuwa tumevuka bahari ili asizifanye. Septemba 2023 akaanza masomo.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, tunayo machache ya kuwaomba.

Kwanza, makaratasi ya watoto yatangulie paa la nyumba ya kijijini. Mtoto akifika kidato cha miaka 14 au 15, kaeni mhakikishe hadhi yake. Msisubiri miaka 18. Nendeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, msimtegemee mtu wa kwenye baraza la kahawa.

Pili, zijueni gharama kwa ukweli wake. Ada ya mwanafunzi wa nyumbani England mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka, na mwaka wa masomo 2025/26 ikapanda kuwa 9,535. Mkopo wa walioanza mwaka 2023 na baada ya hapo hulipwa kwa kukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, mpaka miaka 40. Ndugu zetu Waislamu wengi wanaukwepa kwa sababu ya riba. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuruhusu mkopo usio wa riba, na mpaka leo haujaanza kutolewa. Watoto wetu wangapi wamekaa nyumbani kwa kusubiri? Hilo nalo ni suala la sera, na halitasukumwa na mtu mwingine kama sisi wenyewe tumekaa kimya.

Tatu, msidanganywe kwamba kila anayesoma haya masomo anakuwa balozi. Wengi wanaishia halmashauri za miji, ofisi za mipango za hospitali, mashirika ya hisani, benki, vyombo vya habari, taasisi za utafiti. Ni kazi za heshima, ila hazimfuati mtu mlangoni kama uuguzi unavyotufuata sisi. Mwanafunzi lazima aanze mapema kutafuta mafunzo kazini, ajue takwimu vizuri, aandike vizuri. Kijana anayechagua somo hili kwa kukimbia hesabu atazikuta hesabu zinamsubiri darasani.

Nne, zungumzeni na watoto habari ya uraia. Anayetaka kuiwakilisha Uingereza nje lazima awe raia wake. Anayetaka kuiwakilisha Tanzania lazima awe Mtanzania. Na sheria yetu ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa mtoto wa chumba hiki hilo si swali la mtihani, ni la maisha yake. Asije akalikuta akiwa na miaka 23 mbele ya dirisha la ofisi.

Nanyi vijana, tuna moja tu kwenu. Kiswahili msikitupe. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Mnaona aibu kukiongea mbele ya marafiki zenu, kumbe kwenye vyumba vya mikutano watu wanalipwa kwa kukijua. Wenzenu wanakisoma chuoni kwa ada. Ninyi mmekinyonya bure, na bibi yupo kwenye simu kila Jumapili anawasubiri.

Wala hatuji hapa kuwaambia muache uuguzi na udaktari. Bado tunawahitaji, na wodi zinawalilia. Tunachosema ni kwamba jamii yenye wauguzi watupu itafunga vidonda milele. Tunahitaji pia wanaoenda kuuliza vidonda vinatoka wapi.

Tumalizie. Binti yetu sasa yuko mwaka wa pili. Mwezi uliopita alitupigia simu akasema anaandika kazi ya darasani kuhusu wauguzi wanaohama, na anataka kutuhoji sisi, rasmi, na kinasa sauti. Tukacheka tena, safari hii kwa furaha. Akauliza tuliondoka mwaka gani, tulikuwa tunalipwa kiasi gani, nani alitusomesha. Tukamjibu: serikali ndiyo iliyotusomesha. Halafu akauliza, "Mama, ulivyoondoka, nani alichukua zamu yako?"

Miaka yote hii hapa ughaibuni tumeulizwa mambo mengi, na maofisa, na waajiri, na hata ndugu. Hilo hatukuwa tumeulizwa. Ilikuwa wodi ya wazazi, vitanda ishirini na wakati mwingine wajawazito wawili kitanda kimoja. Tulikuwa wauguzi watatu. Tulipoondoka wakabaki wawili. Kama aliletwa wa tatu, hatujui, kwa sababu hatukuwahi kuuliza.

Tulimwambia hivyohivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataliandika swali hilo jinsi lilivyo, na atatafuta kwenye takwimu za wizara.

Mwaka 1955 watu wetu walichanga nauli ili mtu aende akaulize kwa niaba yao. Mtoto wako akikwambia anataka kujifunza kuuliza, usimcheke kama tulivyocheka sisi. Mchangie nauli.

Heri ya sikukuu ya Uhuru.  Na jamani, kwenye pilau, chumvi kidogo.